Ukitaka utulivu Langhe, jiandae kupanda

Swali la msomaji: "Mimi na mume wangu tunapanga kwenda Langhe, Italia, kuendesha baiskeli kwa wiki moja mwishoni mwa Septemba. Tumezoea barabara za tambarare, kilomita 60 au 70 kwa siku bila shida. Tunaogopa magari kuliko tunavyoogopa milima. Tutapataje barabara tulivu kati ya mashamba ya mizabibu, na je, miguu yetu itaweza? Mume wangu anafikiria kukodi baiskeli ya umeme."

Dada, afadhali mnaogopa magari kuliko milima, maana kule Langhe ni lazima uchague kimoja. Barabara ya tambarare imepita bondeni, na bondeni ndiko waliko wenye malori, maghala, viwanda na watu wanaowahi kazini. Barabara tulivu iko juu, mgongoni mwa kilima, na kufika huko ni kwa kupanda tu. Kila mara mtakapolikwepa gari mtakuwa mmejichagulia mlima. Mkilikubali hilo kabla ya kukata tiketi, gia, urefu wa safari na saa ya kuondoka vitajipanga vyenyewe. Mkilikataa, mtaishia kwenye lami pana ya bondeni mkipigiwa honi, huku vijiji mlivyovifuata mkiviona kwa mbali huko juu.

Niwaeleze kwanza nchi yenyewe ilivyo. Langhe ni vilima vya kusini mwa mto Tanaro, katika jimbo la Piemonte. Mji wake mkuu ni Alba, uliokaa kwenye kingo za mto kwa mwinuko wa mita 170 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukitoka Alba kuelekea kusini, ardhi inajikunja kuwa migongo mirefu iliyotenganishwa na mabonde membamba, na vijiji vimekaa juu ya migongo hiyo, vingine vikiwa bado na ngome zake za kale. La Morra iko juu ya mita 500. Monforte d'Alba na Novello ziko karibu na 480. Serralunga d'Alba imezidi 400 kidogo, na Castiglione Falletto iko kwenye 350. Barolo, kijiji kilichoupa mvinyo maarufu jina lake, kiko chini kuliko majirani zake wengi, kwenye mita 300 hivi, kimejificha katikati ya vilima.

Kwa hiyo barabara ni za aina tatu. Kuna za bondeni, zenye mstari katikati na magari yanayokwenda kasi. Kuna za mgongoni, zinazounganisha kijiji na kijiji huko juu, zikipanda na kushuka kidogo kidogo. Halafu kuna za mbavuni, fupi na kali, zinazotoka bondeni hadi mgongoni zikipita katikati ya mizabibu. Siku nzuri ya baiskeli Langhe ni ile inayotumia mgongo kwa wingi, mbavu kwa akili, na bonde kwa kulivuka tu.

Mizabibu yenyewe inafuata jua. Kanuni rasmi za mvinyo wa Barolo zinataka shamba liwe kwenye kilima, kati ya mita 170 na 540, na zinakataza upande unaotazama kaskazini. Sababu zake ni za kilimo tu: zabibu aina ya Nebbiolo huchelewa sana kuiva, inahitaji kila saa ya jua inayopatikana, na inahitaji mteremko ili maji yasituame kwenye mizizi na hewa baridi ishuke bondeni. Kwako wewe mwenye baiskeli, kanuni hiyo ni ramani ya kivuli. Upande wenye mizabibu ni upande wa jua kali usio na mti hata mmoja wa kujisitiri. Upande wa pili, ule unaotazama kaskazini, una misitu midogo na mashamba ya hazelnati, miti ya kokwa zinazoliwa, na hewa yake ni baridi. Siku ya joto pandieni upande wa msitu na kushukia upande wa mizabibu. Asubuhi yenye ubaridi fanyeni kinyume, kwa sababu anayepanda polepole kati ya mistari ya mizabibu anaiona vizuri, ilhali anayeshuka haruhusiwi kuangalia kitu kingine zaidi ya barabara.

Sasa jinsi ya kuzitafuta hizo barabara. Msiiachie programu ya simu kila kitu. Programu nyingi hupanga njia kwa kuangalia waendesha baiskeli wengi walipita wapi, na wengi hupita penye mkato. Njia inayopendwa na wapanda baiskeli wa mbio wanaofanya mazoezi jioni baada ya kazi inaweza kuwa ile ile inayopendwa na malori saa nne asubuhi. Mimi huanza na ramani yenye kontua, yaani mistari inayoonyesha mwinuko, natafuta barabara nyembamba inayofuata mgongo, kisha naishusha picha ya setilaiti na kuikagua kwa macho. Kitu ninachokitafuta ni kimoja: mstari mweupe wa katikati. Barabara isiyo na mstari huo kwa kawaida ni nyembamba kiasi kwamba magari mawili yakikutana yanapunguza mwendo, na dereva mwenye haraka hawezi kuichagua. Mstari ukiwepo, na ukiwa umenyooka kwa zaidi ya kilomita moja, ujue hapo watu wanakanyaga mafuta. Ni kipimo rahisi, na kinanisaidia kuliko rangi za barabara kwenye ramani.

Herufi zilizo mbele ya namba za barabara pia zinasaidia. Italia, SS ni barabara kuu ya taifa, SP ni ya mkoa, na zile ndogo kabisa za manispaa mara nyingi hazina namba iliyoandikwa. SS ziepukeni. SP ziko za kila namna, nyingine kimya kama uani, nyingine zinabeba shughuli zote za bonde, kwa hiyo hapo rudini kwenye kile kipimo cha mstari.

Tahadhari moja kubwa kuhusu zile ndogo kabisa. Kuna mahali lami inakwisha bila taarifa na njia inaendelea kama njia ya trekta katikati ya shamba. Ikiwa kavu, inapitika kwa tairi la milimita 32 bila tabu. Ikiwa imenyesha usiku, ni balaa. Udongo wa Langhe ni mfinyanzi uliochanganyika na chokaa, mabaki ya matope ya bahari ya zamani. Ukilowa, unagandamana na tairi kama unga uliokandwa, unajaa kati ya gurudumu na uma wa mbele, na baada ya mita 50 gurudumu haligeuki tena. Mtabeba baiskeli begani, nayo imeongezeka kilo kadhaa za matope. Kwa hiyo mvua ikinyesha, siku inayofuata ni ya lami tupu.

Nije kwenye miguu. Kilomita 70 za tambarare hazisemi lolote kuhusu Langhe, maana kule kipimo cha siku ni mita za wima. Jifunzeni kuuliza "tunapanda mita ngapi?" kabla ya kuuliza "ni kilomita ngapi?" Mtu anayeweza kwenda tambarare kilomita 25 kwa saa huku akizungumza ana nguvu ya kutosha kupanda takriban mita 500 za wima kwa saa moja, mradi asiharakishwe. Siku yenye mita 600 ina zaidi ya saa nzima ya kupanda ndani yake, na hiyo ni mbali na saa za kushuka, za kupiga picha, na za kukaa kwenye mkahawa. Kwenu ninyi, mita 600 ni siku nzuri, 900 ni siku ndefu, na 1,200 muiache hadi mtakapoona miguu imezoea.

Kinachowashinda watu wa tambarare mara nyingi ni gia, na hapa nitawapa hesabu kamili kwa sababu ndiyo itakayoamua kama mtafurahi au mtasukuma. Tuseme wewe na baiskeli yako mna kilo 85. Baiskeli nyingi za barabarani zina gia ndogo ya mbele yenye meno 34, na kubwa ya nyuma yenye meno 28. Kwa gia hiyo, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mbele mita 2.5 hivi. Ukitaka kuzungusha mara 60 kwa dakika, ambao tayari ni mwendo mzito, utakuwa unakwenda kilomita 9 kwa saa, na kwenye mlima wa asilimia 12 kasi hiyo inadai karibu wati 270, wati zikiwa kipimo cha nguvu miguu inayotoa. Hizo ni wati za mtu anayefanya mazoezi kila siku. Badilisheni gia ya nyuma iwe na meno 34. Sasa mzunguko mmoja ni mita 2.1, mwendo ni kilomita 7.5 kwa saa, na kazi imeshuka hadi wati 220 hivi. Mlima ni ule ule na miguu ni ile ile, lakini wati 50 zimekwisha kuondoka. Mkiweza kupata meno 30 mbele na 34 nyuma, chukueni bila aibu. Mkikodi huko huko, ulizeni idadi ya meno kwa barua pepe kabla ya kulipa, na jibu la "ina gia 22" msilikubali. Wingi wa gia si hoja. Ulizia ile iliyo nyepesi kuliko zote ina meno mangapi.

Asilimia 12, kwa wasiozoea kipimo hiki, ni kupanda mita 120 katika kila kilomita moja. Barabara za mbavuni zina vipande vya namna hiyo, vingine vikali zaidi, ila huwa vifupi. Ukikutana nacho, kaa kwenye kiti, weka mikono juu ya usukani, tazama mita tano mbele yako na si kileleni. Na ukishuka ukasukuma, hakuna atakayekucheka. Wakulima wa kule wanakijua kile kilima kuliko wewe.

Mahali pa kulala napo ni sehemu ya hesabu. Watu hupenda hoteli ya kileleni kwa ajili ya mandhari, halafu kila jioni, wakiwa wamechoka na jua linazama, wanadaiwa mlima wa mwisho. Wengine hulala Alba kwa sababu ya treni na maduka, nao kila asubuhi wanaanza kwa kupenya kwenye msongamano wa mji. Mimi ningewashauri mlale Barolo au jirani yake. Mko katikati ya urefu, mmeshaepuka mji, na barabara za pande zote zinaanzia mlangoni.

Siku ya kwanza mngeweza kufanya hivi. Tokeni Barolo mpande Novello, mita 160 hivi za wima, taratibu, mwili ukipata joto. Kutoka Novello fuateni mgongo hadi Monforte d'Alba. Kipande hicho ndicho mlichokitafuta: mabonde pande zote mbili, mizabibu chini yenu, na siku yenye anga safi milima ya Alps imesimama upande wa magharibi na kaskazini. Monforte ina mitaa ya kale inayopanda kwa mawe, pumzikeni hapo. Kisha shukeni bondeni upande wa mashariki, kupitia kitongoji cha Castelletto, mpande tena hadi Serralunga, ambako ngome nyembamba na ndefu inaonekana tangu mbali. Hapo mtakuwa mmefanya kazi kubwa ya siku. Rudini magharibi kwa kushuka na kupanda Castiglione Falletto, halafu mteremkie Barolo, mkimalizia na kilima kidogo cha mwisho. Mzunguko wote hauzidi kilomita 40, na kupanda ni mita 600 kwa makadirio. Kwa macho ya mtu wa tambarare, kilomita 40 ni mchezo. Ngojeni jioni mniambie.

La Morra iwekeni siku nyingine, asubuhi na mapema, kwa sababu uwanja wake wa kutazamia mandhari huvuta magari ya watalii kuanzia saa nne. Kati ya La Morra na Barolo, katika shamba la Brunate, kuna kanisa dogo lililochorwa kwa rangi kali na wasanii Sol LeWitt na David Tremlett mwaka 1999. Halijawahi kuwekwa wakfu, lilijengwa kama kibanda cha kujikinga mvua kwa watu wa shambani. Njia ya kulifikia ni ya mteremko na ni nyembamba, na wengine wanaokwenda kuliona huenda kwa gari, kwa hiyo kaeni macho.

Na kama mnataka kimya cha kweli, kile cha kukaa muda mrefu bila kusikia injini, tokeni kabisa kwenye nchi ya Barolo mwende kusini, Alta Langa. Bossolasco na Murazzano ziko juu ya mita 700, Mombarcaro inakaribia 900. Huko mizabibu inapungua, hazelnati na misitu inachukua nafasi, kuna kondoo, na jibini ya Murazzano ni ya maziwa yao hasa. Eneo la mizabibu la Langhe, Roero na Monferrato liliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014, na tangu hapo wageni hawakosekani wikendi. Ndiyo maana Jumamosi na Jumapili mimi ningezihamishia Alta Langa, na Barolo ningeipanda Jumanne na Jumatano.

Kuhusu saa za siku, Waitaliano wa mashambani bado wanaheshimu chakula cha mchana. Kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane mchana barabara zinakuwa tupu. Trekta zinazimwa, malori yanaegeshwa. Mkiweza kula mapema au kubeba mkate na jibini, saa hizo ni zenu. Ubaya wake ni kwamba maduka pia yamefungwa, mengi hadi saa tisa na nusu au kumi, basi chakula kinunuliwe asubuhi. Maji si tatizo, vijiji vingi vina bomba la hadhara. Palipoandikwa "non potabile", yaani hayafai kunywa, msinywe. Chupa mbili kila mmoja.

Mwishoni mwa Septemba mtakuta mavuno. Zabibu aina ya Dolcetto huvunwa kwanza, Barbera hufuata, na Nebbiolo hufunga kazi, mara nyingi ikiingia Oktoba. Mtakutana na trekta zinavuta matela ya kreti. Watu wengi wananiuliza kama trekta ni hatari. Trekta ni rafiki yenu. Inakwenda polepole, dereva amekaa juu anawaona, na gari lililo nyuma yake limelazimika kutulia. Hatari ni kile inachokiacha barabarani: mabonge ya udongo yanayodondoka pale inapotoka shambani, na juisi ya zabibu zilizopondwa. Juisi hiyo ikiwa mbichi inateleza, ikikauka inanata. Utaiona kama doa jeusi linalong'aa, kwa kawaida kwenye kona, mahali ambapo tela limeinama. Usiinamishe baiskeli wala usishike breki ukiwa juu yake. Pita wima, kisha endelea.

Mteremko unahitaji aya yake, maana mtu wa tambarare hajawahi kufundishwa kushuka. Punguzeni mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa imenyooka, na ndani ya kona muachie breki. Msizikandamize muda wote kwa hofu, hasa kama ni za kubana rimu. Joto linajikusanya, na vidole vinakufa ganzi hadi vinakosa nguvu pale mnapovihitaji. Shikeni kwa nguvu, achieni, shikeni tena. Mikono iwe chini kwenye mkunjo wa usukani, ambako breki zinabanwa kwa nguvu ndogo. Kwenye barabara isiyo na mstari kaeni upande wenu wa kulia kabisa kila kona msiyoiona mwisho wake, hata kama hamjakutana na gari asubuhi nzima. Utulivu wa barabara ndio unaowalevya watu hadi wanakata kona kwa ndani. Na picha hupigwa mkiwa mmesimama.

Asubuhi za vuli, ukungu hujaa bonde la Tanaro na wakati mwingine hupanda hadi katikati ya vilima, wakati juu kuna jua. Taa ya nyuma iwake mchana kutwa. Sheria ya Italia inataka kizibao cha kuakisi mwanga kwa mwendesha baiskeli aliye nje ya mji kuanzia nusu saa baada ya jua kuzama, na ndani ya mahandaki wakati wote. Mimi ningekivaa penye ukungu pia. Sheria hiyo hiyo inataka mpangane mmoja nyuma ya mwingine nje ya miji. Najua mtapenda kuendesha sambamba mkiongea, na kwenye mgongo mtupu majaribu yatakuwa makubwa. Tangu Desemba 2024 dereva anayewapita anatakiwa kuacha angalau mita 1.5 pale barabara inaporuhusu. Kwenye barabara za mbavuni hairuhusu, kwa hiyo mkimsikia nyuma, tafuteni kiingilio cha shamba, mpisheni, muinue mkono. Mnapoteza sekunde kumi.

Mvinyo nao. Barolo ina kilevi cha angalau asilimia 13, na chupa nyingi zinafika 14 au zaidi. Kiwango cha sheria kwa wenye magari ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na mahakama za Italia zimekwisha kusema mara kadhaa kwamba hata aliye juu ya baiskeli anahusika. Lakini hata bila polisi, kushuka mbavuni baada ya glasi mbili za adhuhuri ni upumbavu, na jua likiwepo ni mara mbili. Pangeni kuonja mwisho wa siku, baiskeli zikiwa zimefungwa, mahali mnapoweza kutembea kwenda kulala. Hiyo ni sababu nyingine ya kulala Barolo kwenyewe. Mkionja katikati ya safari, temeni. Ndoo imewekwa mezani kwa kazi hiyo, na mwenye nyumba hatachukia. Pigeni simu siku kadhaa kabla, kwa kuwa wakati wa mavuno familia nzima iko shambani na wengine hawapokei wageni kabisa.

Kama mmesoma hesabu zangu za kupanda mkaona hapana, kuna nchi nyingine za mizabibu zenye huruma zaidi. Mto Mosel, Ujerumani, una njia ya baiskeli inayofuata ukingo wa maji, karibu tambarare yote, na mizabibu inasimama juu yenu, ikiwamo ya Calmont pale Bremm, miongoni mwa mashamba ya mizabibu yenye mteremko mkali kuliko yote Ulaya. Mnaitazama kutoka chini bila kudaiwa kuipanda. Alsace, Ufaransa, ina njia ya mvinyo iliyozinduliwa mwaka 1953, kilomita 170 hivi kutoka Marlenheim hadi Thann, ikipita miguuni mwa milima ya Vosges, na vilima vyake ni vya upole. Chianti nisingewapeleka kwa safari ya kwanza. Barabara yake maarufu, ile ya Florence kwenda Siena, inapendwa mno na wenye pikipiki, na utulivu wake uko kwenye barabara nyeupe za changarawe, zile zilizozaa L'Eroica, safari ya pamoja ya baiskeli za kale, pale Gaiole mwaka 1997. Zinataka tairi pana na mikono iliyozoea kutikisika.

Mwisho, baiskeli ya umeme ya mume wako. Akodi. Ila ajue betri inaliwa na mlima kuliko inavyoliwa na umbali. Yeye na baiskeli nzito ya namna hiyo wana kama kilo 105, na kuinua uzito huo mita 1,000 juu kunahitaji nishati ya wati-saa 290 hivi. Akichangia nusu kwa miguu yake, mota ikifanya nusu, na tukihesabu kinachopotea njiani kama joto, betri itatoa kama wati-saa 190. Betri ya wati-saa 500 inamtosha, na ule mzunguko wa Barolo hautaisumbua. Akiweka msaada wa juu kabisa kila mlima na kuiachia mota robo tatu ya kazi, siku ya Alta Langa yenye mita 1,500 itamla zaidi ya wati-saa 400 kwa kupanda peke yake. Betri ikiisha, anabaki na kilo 25 za chuma za kusukuma. Kabla ya kuondoka dukani akague breki, kwa sababu uzito ule wote lazima usimamishwe wakati wa kushuka: pedi zikiwa zimebaki kama unene wa karatasi, zibadilishwe hapo hapo.

Na mkubaliane jambo moja mapema. Mlimani atakuacha. Tambarare, mota inaacha kusaidia kwenye kilomita 25 kwa saa, hivyo wewe ndiye utakayemwacha. Aliye mbele amngoje mwenzake kijijini, kwenye uwanja wa kanisa, asisimame katikati ya kona. Chaja ikae kwenye begi lake kila siku, na akiagiza kahawa aulize kwanza kama kuna soketi.